Katibu wa Mfalme: kuzamia Karibi kabla ya mitungi ya hewa

Nilipompigia mama simu Tanga kumwambia kwamba likizo hii tunakwenda Karibi kuzamia, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayehisi simu inasikilizwa: "Kuzamia tena, mwanangu? Si ulishapata makaratasi?"

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kwetu mzamiaji ni yule kijana anayejificha kwenye meli bandarini akitumaini kuibukia Ulaya. Nikamweleza kwamba kuzamia huku ni kubeba mtungi wa hewa mgongoni ukashuka chini kutazama samaki, na kwamba watu hulipia. Wala hakutulia. "Mnalipa ili mwingie chini ya maji? Na mtoto?"

Mtoto ndiye aliyetuponza. Binti yetu ana miaka 11, na cheti chake cha kuzamia alikipata hapa Uholanzi tunakoishi, kwenye bwawa la kuogelea na kwenye ziwa lenye maji ya kijani. Wanaanza kuwapa watoto vyeti hivyo wakiwa na miaka 10, ila kwa umri wake haruhusiwi kupita mita 12 kwenda chini. Alitaka bahari yenye matumbawe na kasa. Tukachagua Bonaire, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Venezuela lakini tangu 2010 ni wilaya maalumu ya Uholanzi. Unapanda ndege Amsterdam na kushuka upande wa pili wa Atlantiki, na bado uko chini ya mfalme yuleyule.

Asubuhi ya kwanza, kijana wa duka la kuzamia alitupa maelekezo: tusiguse matumbawe, tusivae glovu, tutazame geji ya hewa kila mara. Akamalizia kwa historia. Kuzamia hapa, alisema, kulianza 1962, siku nahodha Mmarekani Don Stewart alipotia nanga na merikebu yake. Sikumlaumu. Stewart kweli alifika mwaka huo, na amefanya mengi kulinda bahari ile. Uvuvi wa mishale ya chini ya maji ulipigwa marufuku 1971, na 1979 bahari yote inayozunguka kisiwa ikawa hifadhi. Ukienda leo ukakutana na pono wakubwa wanaokutazama bila woga, hiyo ndiyo kazi ya watu wa kizazi kile.

Lakini nilikuwa nimesafiri na kitabu cha Kevin Dawson, *Undercurrents of Power*, kilichotoka 2018, kinachoeleza maisha ya majini ya Waafrika kwao na katika utumwa. Nilikisoma ndani ya ndege, na nikashuka nikijua kwamba 1962 ni kama juzi. Watu walizamia Karibi kwa kulazimishwa zaidi ya miaka 400 kabla ya huyo nahodha.

Ilianza na lulu. Katika safari yake ya tatu, mwaka 1498, Columbus alifika pwani ya Venezuela na kuwaona wenyeji wamevaa lulu shingoni na mikononi. Haikuchukua muda Wahispania wakajazana kwenye kisiwa cha Cubagua, mashariki zaidi ya Bonaire kwenye pwani hiyohiyo. Ni kisiwa kikavu hata maji ya kunywa yalivushwa kwa mashua kutoka bara. Watu hawakukifuata kwa uzuri wake. Walifuata chaza waliolala chini ya bahari, na chaza hapatikani bila mtu wa kumfuata kule aliko.

Wahispania hawakushuka wenyewe. Waliwakamata wenyeji wa jirani, kisha wakawaleta Walucayo, watu wa Bahamas waliosifika kwa kuogelea. Padri Bartolomé de las Casas, katika kitabu chake cha 1552, alieleza kazi hiyo ilivyokuwa. Wazamiaji walishushwa pima nne au tano tangu jua linapochomoza mpaka linapotua. Waliibuka na kapu la chaza, wakavuta pumzi mbili tatu, na nokoa aliyekaa mtumbwini akawarudisha chini kwa kipigo. Walikula vibaya na kulala chini wakiwa wamefungwa wasitoroke. Wengine walitoka damu mdomoni, wengine walichukuliwa na papa. Kufikia miaka ya 1520 visiwa vya Bahamas vilikuwa karibu vitupu.

Mwaka 1542 mfalme wa Hispania alitoa sheria mpya zilizozuia wenyeji huru kupelekwa kwenye lulu kwa nguvu. Ukisoma haraka utadhani huruma imeingia. Kumbe aliyebadilishwa ni mtu tu, kazi ikabaki palepale. Waafrika wakashushwa mahali pao. Kuna hati ya karne ya 16, wanayoiita hati ya Drake, iliyohifadhiwa katika maktaba ya Morgan mjini New York. Ina picha za rangi za viumbe na shughuli za Karibi, na mojawapo ni mtumbwi wa lulu wenye wazamiaji weusi. Nilipoiona mara ya kwanza niliikodolea macho. Nimelelewa karibu na watu wanaozamia majongoo bahari kwa pumzi zao. Ule mkao wa mtu anayejiandaa kushuka naujua.

Lulu zilipopungua, ujuzi uleule ulipata soko jingine, nalo ni meli zilizozama. Hispania ilisafirisha fedha na dhahabu kwa misafara ya merikebu, na kila dhoruba ilipopita kulikuwa na mali chini. Mwaka 1622 kimbunga kiliizamisha *Atocha* na mwenzake *Santa Margarita* karibu na visiwa vya kusini mwa Florida. Miaka minne baadaye, Francisco Núñez Melián alikwenda kutafuta mzigo wa *Santa Margarita* na kengele ya shaba, ambayo mzamiaji aliingiza kichwa ndani yake akavuta hewa iliyonaswa humo. Aliahidi uhuru kwa mtumwa atakayeiona meli kwanza. Aliyeiona ameandikwa kwa jina la Juan Bañón.

Fikiria ahadi hiyo, msomaji. Mtu anashuka kwa pumzi moja kutafuta fedha ya mfalme, na katika rundo lilelile anatafuta nafsi yake.

Mwingereza wa Boston, William Phips, alitajirika kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1687, kwenye miamba ya kaskazini mwa kisiwa kinachobeba leo Haiti na Jamhuri ya Dominika, timu yake iliipata *Concepción* iliyozama 1641. Wazamiaji wake walikuwa Waafrika na Wahindi Wekundu. Walitoa mali ya zaidi ya pauni 200,000. Phips alipewa cheo cha Sir na mfalme wa Uingereza, na baadaye akawa gavana wa Massachusetts. Vitabu vingi vinasema Phips "aliitoa" hazina ile, ingawa waliolowa walikuwa wengine.

Kwa hiyo kabla Cousteau na Gagnan hawajatengeneza kifaa chao cha kupumulia majini mwaka 1943, sakafu ya bahari ya Karibi ilikuwa imeshachokonolewa kwa karne nne. Wakoloni wengi hawakujua hata kuogelea. Waafrika wengi kutoka pwani na kingo za mito walijua, na soko likaupangia bei ujuzi huo kama lilivyopanga bei ya nguvu za mikono.

Mambo haya si ya Karibi peke yake. Katika Ghuba ya Uajemi, mwishoni mwa karne ya 19, bei ya lulu ilipopanda Ulaya na Marekani, miongoni mwa waliozamia walikuwemo watumwa kutoka pwani yetu na uzao wao. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari kutoka Zanzibar, lakini majahazi ya magendo hayakuacha kwenda Arabuni. Huko mtu alishuka na jiwe mguuni, kibanio puani na kapu shingoni, mwenziwe juu akishika kamba. Bibi zetu walipotutisha tulipokuwa watukutu kwamba tutapelekwa Manga, hawakuwa wanatunga hadithi.

Siku ya nne tulikodi gari kuzunguka kisiwa. Kaskazini, katika kijiji cha Rincon, tulifika kwenye jengo la kale la mawe liitwalo Mangazina di Rei, ghala la mfalme. Katika maelezo ya pale binti yangu akaona maneno ya Kipapiamentu, lugha ya kisiwa: *katibu di rei*. Akafurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Baba, hili nalijua! Katibu wa mfalme. Alikuwa anamwandikia barua?"

Nikasoma mara mbili. Kwa Kipapiamentu *katibu* ni mtumwa, neno linalotokana na Kireno la mateka. Bonaire haikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Waholanzi waliichukua 1636 wakitaka chumvi, kwa sababu samaki wao wa herringi bila chumvi walikuwa uozo mtupu, na walikuwa vitani na Hispania. Kwanza ilikuwa mali ya kampuni, baadaye ya serikali. Watu waliokwangua chumvi kwenye jua lile waliitwa watumwa wa mfalme.

Sikujibu hapohapo. Mtoto alikuwa na siku nne za furaha tupu, kasa watatu kwenye daftari lake, na mimi baba mtu nina habari za nokoa na damu mdomoni. Nani anataka kuwa mtu wa kuchafua maji? Mke wangu alinitazama tu, maana yake amalize aliyeanza.

Tukaendesha kuelekea kusini, mpaka kwenye mabwawa ya chumvi yenye rangi ya waridi na heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Ufukweni kuna safu ya vibanda vidogo vya mawe vilivyojengwa 1850. Kabla ya hapo wafanyakazi walijibanza kwenye vibanda vya majani. Familia zao ziliishi Rincon, zaidi ya kilomita 20 kwa miguu, wakaenda kuwaona mwisho wa wiki. Mlango ni mfupi, mtu mzima anainama mpaka karibu atambae. Binti yangu aliingia, akakaa, akanyoosha miguu, na miguu ikakaribia kugusa ukuta.

Karibu na hapo kuna jiwe limepakwa rangi ya njano. Bonaire huweka alama hizo kuonyesha pa kuzamia, na kila jiwe lina jina. Hili liliandikwa kwa Kiingereza *Red Slave*, Mtumwa Mwekundu. Kuna jingine, *White Slave*. Majina yametokana na vibanda vya jirani na rangi zilizotumika kutambulisha mabwawa, kwa sababu zamani minara ya rangi iliziongoza meli kwenye chumvi ya kupakia. Pembeni familia moja ilikuwa inavaa mapezi ikitaniana. Mmoja akasema, kwa furaha kabisa, kwamba Mtumwa ana mkondo mkali lakini anapendeza.

"Mtumwa yupi?" binti yangu akauliza.

Ndipo nikamweleza, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha kibanda. Nilianza na katibu, nikarudi nyuma mpaka Cubagua, nikampa na Juan Bañón. Nilimwambia pia kwamba utumwa wa Uholanzi huku uliisha tarehe 1 Julai 1863, na kwamba fidia ililipwa: guilda 200 kwa kichwa, kwa wenye watumwa. Tarehe hiyohiyo mwaka 2023 mfalme Willem-Alexander aliomba radhi hadharani mjini Amsterdam. Alisikiliza bila kulia, bila kukasirika. Kisha akauliza swali la mzamiaji: "Walikuwa wanakaa chini dakika ngapi?"

Hapo nikajifunza kitu. Nilihofu kwamba nikimwambia nitamharibia bahari. Kumbe nilikuwa nimempa wenzake. Jioni kwenye bwawa la hoteli alijipima: sekunde 41. Akarudia. Alipotoka mara ya tatu alisema kichwa kinagonga, na hapo alikuwa amekaa tu, hajashuka, hajabeba kapu wala hajapigwa.

Sisemi familia zisiende Karibi kuzamia. Nendeni, na mtoto aone pono akitafuna matumbawe, sauti yake inasikika majini kama mtu anayetafuna bisi. Ninachodai ni kidogo. Maelekezo ya asubuhi yana nafasi ya dakika moja ya ziada, na historia inayoanza 1962 inawasifu waliokuja na mitungi na kuwafuta waliokuja na mapafu yao. Kama jina la Mtumwa linafaa kuandikwa kwenye jiwe ili tupate pa kuegesha gari, basi na habari yake inafaa kusemwa.

Siku ya mwisho tulizamia chini ya gati la chumvi, kwa sababu chumvi bado inachimbwa na siku hiyo hapakuwa na meli. Nguzo za chuma zimevaa sponji nyekundu na za manjano, samaki wanazunguka katikati yake kama watu sokoni. Tulifika mita 11. Binti yangu alinionyesha kwa vidole geji yake, hewa bado ipo ya kutosha.

Kwenye daftari lake aliandika tarehe, kina, dakika 43. Kwenye mstari wa wenza alioshuka nao aliniandika mimi na mama yake. Halafu akaongeza kwa Kiswahili chake cha Rotterdam, herufi zimepinda: *na Juan, alizamia bila mtungi*.