Japani: Shule za umma zinapokuwa kimbilio la watoto wa shule za kibinafsi wakati wa likizo

KILA mwaka ifikapo mwezi Juni, shule za kimataifa katika miji ya Tokyo, Yokohama na Kobe hufunga kwa likizo ndefu inayoendelea hadi mwishoni mwa Agosti. Wakati huo huo, shule za umma katika mitaa iyo hiyo huwa zingali katika muhula wa kwanza, ambao kwa kawaida humalizika karibu na tarehe 20 Julai. Katika mwanya huo wa takriban wiki tano, baadhi ya wazazi wanaolipa zaidi ya yeni milioni mbili kwa mwaka kama karo ya shule za kibinafsi hubisha hodi katika shule ya umma ya mtaani, wakiomba watoto wao wapokelewe kwa muda.

Desturi hiyo hujulikana kwa Kijapani kama taiken nyugaku, yaani kujiunga na shule ili kujionea maisha yake. Wanaoitumia ni wa aina mbili. Kuna familia za Kijapani zinazoishi ng'ambo, hasa Marekani na Ulaya, ambazo hurejea nyumbani kwa babu na nyanya shule za huko zinapofungwa. Aidha, kuna familia zinazoishi Japani kwenyewe ambazo watoto wao husoma kwa Kiingereza katika shule za kimataifa.

Lengo lao kuu ni lugha. Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Japani hutarajiwa kujifunza herufi 1,026 za kanji katika muda wa miaka sita, 80 kati yazo zikiwa za darasa la kwanza. Mtoto anayezungumza Kijapani jikoni na mamaye huweza kuelewa kila neno, lakini ashindwe kusoma tangazo la ukutani. Masomo ya Jumamosi wanayopata wengi wa walio ng'ambo hayatoshi kuziba pengo hilo.

Chimbuko la mwanya

Mwaka wa masomo nchini Japani huanza Aprili 1 na kumalizika Machi 31. Haikuwa hivyo tangu zamani. Serikali ilipoamua mnamo 1886 kwamba mwaka wake wa fedha uanze Aprili, shule zilianza kufuata kalenda hiyo hatua kwa hatua, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 shule za msingi zilikuwa zimeizoea. Vyuo vikuu vilichelewa, huku Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kikiacha kuanza Septemba mnamo 1921.

Mjadala wa kubadilisha kalenda hiyo umezuka mara kadhaa. Wa karibuni ulikuwa mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kuanzia mwezi Machi kutokana na janga la korona. Magavana kadhaa, akiwemo Yuriko Koike wa Tokyo, waliunga mkono wazo la kuanza masomo Septemba ili Japani iende sambamba na mataifa mengi ya Magharibi. Hata hivyo, serikali ya Waziri Mkuu Shinzo Abe iliahirisha mpango huo, kwani ungevuruga mitihani, ajira za wahitimu na bajeti za miji. Kwa hivyo, mwanya wa Juni na Julai ulibakia.

Ombi linavyoshughulikiwa

Uamuzi wa kumpokea mtoto wa muda huwa mikononi mwa halmashauri ya elimu ya mji pamoja na mwalimu mkuu wa shule. Ndiyo sababu masharti hutofautiana baina ya mji na mji. Baadhi ya halmashauri humwandikisha mtoto kama mwanafunzi kamili, mradi familia iwe imesajiliwa kuwa wakazi. Nyingine humchukulia kama mgeni tu, jina lake lisiingie katika daftari rasmi. Zipo pia zinazokubali watoto wanaotoka ng'ambo pekee na kuwakataa wale wa shule za kimataifa zilizo nchini.

Ubaguzi huo una chanzo katika sheria. Katiba ya Japani, iliyoanza kutumika mnamo 1947, humpa kila mzazi raia wajibu wa kumsomesha mtoto wake. Sheria ya Elimu ya Shule ya mwaka huo huo hutaja aina za shule zinazotimiza wajibu huo kwa miaka tisa ya lazima, na shule nyingi za kimataifa hazimo miongoni mwazo. Mbele ya sheria, mtoto raia anayesoma huko ni kama aliyekosa shule, ingawa ni nadra sana wazazi kuchukuliwa hatua. Baadhi ya maafisa huona kwamba kumpokea kwa wiki tano, kisha kumwachilia arejee alikotoka, ni kubariki ukiukaji wa sheria. Wengine huona kinyume: kwamba mtoto huyo ndiye hasa anayepaswa kufunguliwa mlango.

Kazi ya mgeni

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shule za Japani, jembe ni ufagio na kitambaa cha kupangusia sakafu. Wanafunzi husafisha madarasa, ngazi na hata vyoo wenyewe. Wakati wa chakula cha mchana, watoto wa zamu huvaa aproni nyeupe na kofia, wakawapakulia wenzao, na darasa zima hula pamoja na mwalimu. Mtoto wa muda huingizwa katika zamu hizo kama wengine. Hutakiwa kuwa na viatu vya ndani, mavazi ya mazoezi, na vazi la kuogelea kwa kuwa masomo ya kuogelea huangukia miezi hiyo.

Kwa wazazi wengi, mambo hayo ndiyo faida kubwa kuliko hata herufi za kanji. Mtoto aliyezoea darasa dogo na dereva wa kumpeleka shuleni hujikuta akitembea kwa miguu na wenzake wa mtaani. Nao wenyeji hukutana na mtoto mwenye sura kama yao anayeandika kwa kigugumizi lakini akazungumza Kiingereza kwa wepesi.

Nani hubeba mzigo?

Upande wa pili wa sarafu ni gharama. Mishahara ya walimu wa shule za umma za msingi hulipwa thuluthi moja na serikali kuu, na thuluthi mbili na serikali za mikoa. Idadi ya walimu hutegemea idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Sheria iliyopitishwa mnamo 2021 ilipunguza kiwango cha juu cha wanafunzi katika darasa la shule ya msingi kutoka 40 hadi 35, lakini mgeni asiyeandikishwa hahesabiwi. Mwalimu hupata mwanafunzi zaidi bila msaidizi zaidi, tena katika wiki za kuandaa ripoti za mwisho wa muhula.

Familia zinazoishi nchini hujitetea kwamba hulipa ushuru kama wakazi wengine, na kwa hivyo shule ya mtaa ni yao pia. Hoja hiyo haiwafai walio ng'ambo, kwani ushuru wa wakazi hutozwa wale waliokuwa wakiishi katika mji huo Januari 1. Kwa kawaida wageni hugharamia vifaa vyao na chakula, isipokuwa pale ambapo mji umeondoa malipo ya chakula kwa wote.

Swali zito zaidi ni la usawa. Uchunguzi wa Wizara ya Elimu ya Japani mnamo 2019 ulibaini kwamba karibu watoto 20,000 wa wageni wanaoishi nchini humo huenda hawakuwa wakisoma popote. Wajibu wa kumpeleka mtoto shuleni hauwabani wazazi wasio raia, ingawa watoto wao hupokelewa bila karo wakiomba. Mzazi mwenye fedha na ufahamu hujua ofisi ya kuendea ili mtoto wake apate wiki tano. Kibarua wa kiwandani asiyejua kusoma Kijapani huenda asijue kwamba mlango uo huo uko wazi kwa mtoto wake mwaka mzima.

Mfano kwa Kenya

Mwanya kama huo upo Kenya pia. Shule za umma huanza mwaka Januari, ilhali nyingi za zile zinazofuata mtaala wa Uingereza huanza Agosti au Septemba. Kadhalika, mfumo wa ufadhili unafanana na wa Japani kwa jambo moja: mgao wa serikali, ambao umewekwa kuwa Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, hufuata mtoto aliyesajiliwa. Mgeni wa wiki chache hangeiletea shule hata senti moja.

Wakenya walionja uzito wa jambo hilo Januari 2021, shule zote zilipofunguliwa baada ya kufungwa tangu Machi 2020. Baadhi ya shule za kibinafsi zilikuwa zimefilisika, na watoto wake wakahamia shule za umma zilizokuwa tayari zimejaa. Shule hizo ziliwapokea, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humpa kila mtoto haki ya elimu bila malipo.

Mitaani Tokyo na Nairobi vilevile, familia iliyochagua shule ya kulipia bado huitazama shule ya umma kama akiba ya siku ya haja. Akiba hiyo hudumu tu ikiwa kuna anayeiwekea fedha, walimu na madawati katika miezi ambayo familia hizo haziihitaji.