Majiono, Wala Si "Unarsisi"

Neno "unarsisi" limeanza kupenya katika tafsiri za saikolojia na katika uchambuzi wa siasa, hasa panapoelezwa tabia ya viongozi wanaotaka nchi nzima iwatazame wao. Ni neno zito mdomoni na tupu masikioni. Kiswahili cha pwani kilipopokea *dars* kilisema darasa, na *urs* ikawa arusi, kwa kuwa ulimi wa hapa haupendi konsonanti zigongane. Waliounda "unarsisi" hawakulijali hilo. Walichukua neno la Wazungu, wakalivika *u-* mbele na *-i* nyuma, kisha wakaliita istilahi.

Nguvumali, mjini Tanga, hakuna anayelihitaji. Mtu akipita kifua mbele mbele ya baraza asitoe hata salamu, kijana akauliza ana nini yule, mzee humjibu kwa maneno mawili: "Mwache, anajiona."

Hapo ndipo ilipo istilahi.

Asili ya neno la kigeni inajulikana. Narcissus, katika hekaya ya Wayunani aliyoisimulia Ovid wa Roma, aliinamia chemchemi, akaipenda sura iliyokuwa majini, akashindwa kubanduka mpaka akafa, na mahali pake likaota ua. Watu wa kale walilihusisha jina la ua hilo na *narke*, yaani ganzi. Waarabu wanaliita ua *narjis*, na kwa ile tabia wakaunda *narjisiyya*. Havelock Ellis aliitumia hekaya hiyo katika maandishi yake ya tiba mwaka 1898, Paul Näcke akalitumia jina mwaka 1899, na Sigmund Freud akaliandikia makala nzima mwaka 1914. Lugha zote hizo zilikuwa na sababu ya kushika jina la kijana yule, maana hadithi yake, au jina la ua lake, lilikuwa lao tayari. Mswahili hakulelewa na hadithi hiyo. Lakini aulizwe: kijana yule alifanya nini pale majini? Alijiona. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinabeba tendo na tabia kwa pamoja, jambo ambalo istilahi ya Wazungu haikuliweza bila kumtaja kijana yule.

Na njia ya kupata nomino imekwisha kupitwa na wahenga. Kujivuna kumezaa majivuno, kujigamba kukazaa majigambo, kujisifu kukazaa majisifu. Kujiona kunazaa majiono. Hakuna kiambishi kilichobuniwa hapa.

Kitenzi hiki kina uwezo mwingine ambao wapinzani wake hawajautazama: kinapokea kijalizo. Mtu hujiona, na tena hujiona *fulani*. Idi Amin, ambaye mwaka 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda, ndiye mfano ulio wazi kuliko wote katika Afrika Mashariki. Alijiona mpiganaji wa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ilhali alijiunga na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Alijiona jemadari wa majemadari, akajipandisha kuwa fildi mashali mwaka 1975. Alijiona rais wa maisha mwaka 1976, kisha mshindi wa dola ya Waingereza. Majeshi yake yalipoingia Kagera mwaka 1978, alimwita Mwalimu Nyerere ulingoni wamalize vita kwa ngumi, Muhammad Ali awe mwamuzi. Aprili 1979 Kampala ilianguka, naye akakimbia.

Amin alikuwa na chemchemi yake pia. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu juu yake, naye mwenyewe alishiriki kuipanga, akijipangia hata maonyesho ya kijeshi. Baadhi ya vipande vilipomchukiza, aliwashika Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka vikakatwa. Mtu anayeteka watu kwa ajili ya dakika chache za sura yake, haitoshi kumwita mbinafsi.

Wanaotetea "ubinafsi" kuwa tafsiri ya neno la kigeni wanachanganya mambo mawili. Mbinafsi hutaka mali, na anaweza kuila gizani peke yake. Mwenye majiono anataka macho ya watu. Pasipo watazamaji hana kitu. Kiburi nacho huwatazama wengine kwa chini, ilhali majiono hayawatazami wengine kabisa. Mtaalamu mmoja hodari amependekeza "ghururi", neno zuri na kongwe, lakini mzizi wake ni udanganyifu, na mawaidha yameshalitia mkononi: usighurike na dunia. Linamtaja aliyehadaiwa na dunia. Aliyehadaiwa na sura yake mwenyewe halimfikii.

Mwandishi wa makala haya alilipeleka "majiono" mbele ya jopo moja la istilahi. Jibu lilikuwa sentensi moja: hilo ni neno la mtaani. Jopo hilohilo likapitisha "unarsisi", ambalo halina mtaa hata mmoja linakosemwa. Uamuzi huo uliumiza, na bado unaumiza, kwa sababu haukujibu hata hoja moja kati ya zilizoandikwa.

Kimatumizi: kiongozi mwenye majiono, majiono yake yamezidi, na kwa yale maradhi yaliyoingizwa mwaka 1980 katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, maradhi ya majiono, ili tabia ya kawaida isichanganywe na ugonjwa. Upatanisho wake ni ule ule wa majivuno.