Ruhusa ya Tiba kwa Wanamichezo: Sharti la Dawa Mbadala Likitazamwa kutoka Lukuledi

Tarehe 1 Septemba 1972, mjini Munich, mwogeleaji wa Marekani Rick DeMont, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alishinda mbio za mita 400 za mtindo huru, kisha akavuliwa medali. Mkojo wake ulikutwa na efedrini iliyotokana na vidonge vyake vya pumu. Dawa hiyo alikuwa ameitaja katika fomu ya afya. Waliokosa kuifuatilia ni maafisa wa msafara wake.

Utaratibu unaotumika leo ulianza pamoja na Kanuni ya Dunia ya kupambana na dawa za kusisimua misuli, mwaka 2004. Mwombaji sharti athibitishe kwamba anaumwa na anahitaji dawa husika, kwamba haitampa nguvu kupita hali yake ya kawaida ya afya, kwamba hakuna dawa mbadala inayofaa na isiyokatazwa, na kwamba ugonjwa wenyewe haukusababishwa na matumizi haramu ya awali. Insha hii inahusu sharti la tatu.

Ukali wa kamati za ruhusa una sababu, na Kenya ni ushahidi wa karibu. Diana Kipyokei, aliyeshinda Boston Marathon mwezi Oktoba 2021, alikutwa na triamsinoloni, akawasilisha nyaraka za kughushi zilizodaiwa kutoka hospitali, na akafungiwa miaka sita. Kesi za namna hiyo zimeifanya karatasi ya daktari wa Afrika Mashariki itiliwe shaka hata pale isipostahili.

Sasa tutazame bonde la Lukuledi, kati ya Masasi na uwanda wa juu wa Wamakonde. Wabenediktini, baada ya misheni yao ya Lukuledi kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, walianzisha Ndanda mwaka 1906, na hospitali ya huko ikawa tegemeo la wilaya jirani. Kwa upande wa Waanglikana, Dkt. Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya, alianza kazi Lulindi mwaka 1935. Historia hiyo iliacha hospitali chache zenye maabara na majalada. Mgonjwa wa kijijini, hata hivyo, huanzia zahanati, na zahanati hutoa vidonge.

Hapo ndipo sharti la tatu linapokwama. Salbutamol ikivutwa kwa inhela haihitaji ruhusa yoyote hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24. Ikimezwa kama kidonge, imekatazwa wakati wote. Kwa kamati, inhela ni dawa mbadala, hivyo ombi la kidonge ni vigumu kukubaliwa. Kwa mchezaji wa Newala ambaye zahanati yake ina vidonge tu, mbadala huo upo katika orodha, haupo dirishani. Kwa maoni yangu, neno “inayofaa” lingepaswa kupimwa kwa dawa inayopatikana mahali mgonjwa anapoishi.

Viwango vinamruhusu mwanamichezo asiye wa ngazi ya kitaifa wala ya kimataifa kuomba ruhusa baada ya kupimwa. Lakini kwa pumu atatakiwa kuambatisha majibu ya kipimo cha kupuliza pumzi pamoja na maelezo ya tiba yake ya nyuma. Mgonjwa wa zahanati mara nyingi huandikiwa maelezo hayo katika daftari la shule alilolinunua mwenyewe, na daftari hilo likilowa, nakala nyingine hakuna.