Maua-mwitu badala ya ukoka mahali pa kazi (Rusizi, Rwanda)

Ni utaratibu wa kuacha kufyeka nyasi fupi zinazozunguka ofisi, kiwanda, hospitali au chuo, na kuotesha mahali pake mimea ya asili inayochanua, ili nyuki, vipepeo, ndege na wadudu wengine wapate chakula na makazi. Wilayani Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda iliyoitwa zamani Cyangugu, jambo hili lina uzito wa pekee, kwani huko ardhi isiyolimwa ni adimu mno.

Upande mmoja wa wilaya ni Ziwa Kivu, upande wa pili ni msitu wa Nyungwe. Kusini ardhi inateremka hadi uwanda wa Bugarama, sehemu ya chini kuliko zote nchini. Mnamo Septemba 2023 Nyungwe iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na Cyamudongo, kisehemu cha msitu chenye sokwe kilichotengwa na msitu mkuu. Kinachoitenganisha misitu hiyo miwili ni mashamba: maharage, mihogo, migomba, kahawa, mikaratusi, na chai ya Shagasha. Jembe limefika hadi ukingo wa barabara. Nyuki, au ndege aitwaye chozi, anayevuka eneo hilo ana mahali pachache pa kutua, na miongoni mwa mahali hapo ni viwanja vya taasisi, yaani hospitali, shule, parokia, viwanda vya chai, na ofisi za wilaya na sekta. Uwanja wa ndege wa Kamembe usihesabiwe, maana makundi ya ndege karibu na njia ya kurukia ni hatari.

Viwanja hivyo mara nyingi hupandwa paspalumu, nyasi yenye asili ya Amerika. Isidharauliwe: hushika udongo wa mlimani wakati wa mvua kubwa. Lakini haina ua lenye nekta, na ikifyekwa kila mara wadudu wanaoitegemea ni wachache.

Mbadala wake upo kandokando ya njia. Igicumucumu (*Leonotis nepetifolia*) husimama wima kupita kimo cha mtu, shina lake limevalishwa vitufe vya miiba vilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa, na kila kitufe huchomoza mirija ya maua ya rangi ya chungwa. Chozi hutua juu ya kitufe, huingiza mdomo uliopinda ndani ya mrija mmoja baada ya mwingine, na huondoka na chavua kichwani. Umubirizi (*Vernonia amygdalina*), dawa ya nyumba nyingi, huvutia nyuki kwa maua yake meupe. Umuko (*Erythrina abyssinica*) huchanua mekundu. Mkulima naye ananufaika. Chavua ya pasheni ni nzito na yenye kunata, upepo hauwezi kuibeba, na mbebaji wake hodari ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao.

Mbegu zikusanywe hapohapo. Pakiti za maua-mwitu za Ulaya hazifai, na lantana, kichaka vamizi, ing'olewe ikiwa bado changa.

Kuacha tu kufyeka hakutoshi, kwa kuwa paspalumu husonga miche. Nyasi huchimbuliwa kwa mistari inayokata mteremko, huku mistari ya kati ikiachwa izuie mmomonyoko, na mbegu hupandwa mvua za Septemba zinapoanza. Mbolea haiwekwi, maana hunenepesha nyasi kuliko maua. Mwezi wa Agosti hufyekwa mara moja na majani kuondolewa, theluthi moja ikiachwa kwa ajili ya wadudu. Pembeni mwa njia huachwa ukanda wa nyasi fupi zilizofyekwa vizuri, ili mpita njia aone kwamba eneo linatunzwa.

Mfano uliopimwa vizuri uko Uingereza. Chuo cha King's, Cambridge, kiligeuza sehemu ya uwanja wake wa nyasi uliokuwepo tangu 1772, na matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha aina za mimea, buibui na wadudu zaidi ya mara tatu ya zile za nyasi fupi. Nchini Rwanda kwenyewe upo mfano wa ardhi iliyorejeshewa mimea ya asili. Bustani za hoteli na nyumba zilifuga korongo taji (imisambi) kama pambo, wengine wakiwa wamekatwa mabawa. Kuanzia 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana aliongoza kazi ya kuwatoa. Walioweza kuruka walipelekwa Akagera, na walemavu wakapata makao katika Umusambi Village, Kigali, hekta 21 za kinamasi kilichorejeshwa pamoja na mimea yake ya asili.

Pingamizi kubwa ni hofu ya mbu na nyoka. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo madimbwi ndiyo ya kuondolewa kwanza, hasa Bugarama. Kuhusu nyoka, maua yasipandwe mlangoni wala karibu na wodi, na njia ziwe pana. Lipo pia suala la wafyekaji na wafugaji: ng'ombe wa Rwanda wengi hulishwa bandani, na nyasi zilizofyekwa ni malisho. Taasisi inayobadilisha uwanja wake inapaswa kukubaliana nao mapema kuhusu mavuno ya Agosti, na kuwapa wafyekaji walewale kazi ya kukusanya mbegu na kung'oa magugu.