Chicago 1996: Kiti Kilichoamuliwa Kabla ya Kura

Afrika Mashariki inamkumbuka zaidi Barack Obama wa Novemba 2008, siku Kenya ilipotangaza mapumziko ya taifa kwa sababu mtu ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya, alikuwa amechaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Kiti chake cha kwanza hakikumbukwi sana. Alikipata mwaka 1996 katika Seneti ya Jimbo la Illinois, kwa wilaya ya 13 ya Chicago, akiwa mgeni wa siasa aliyemwondoa seneta aliyekuwa madarakani. Katika kura za mchujo za chama chake hakuwa na mpinzani hata mmoja, kwa kuwa wapinzani wake wote wanne walikuwa wameshaenguliwa au kujitoa. Historia ya kiti hicho inafundisha jambo linalovuka mipaka ya Chicago: anayewania kiti cha mwenzake hupigana kwanza kuingia kwenye karatasi ya kura, na sheria inayolinda mlango huo inaweza kufuatwa neno kwa neno huku mwananchi akinyimwa chaguo.

Sheria yenyewe ilizaliwa kwa nia njema. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, karatasi za kura Marekani zilichapishwa na vyama vyenyewe, na mpigakura alitumbukiza sandukuni karatasi ya chama chake huku wakubwa wa mtaa wakimwangalia. Mwaka 1888 jimbo la Massachusetts liliiga mfumo wa Australia, ambako serikali huchapa karatasi moja yenye majina yote na mtu hupiga kura kwa siri. Majimbo mengine yakafuata upesi. Lakini serikali ilipoanza kuchapa karatasi, ilibidi pia iamue majina gani yaingie, na saini za wapigakura zikawa kipimo. Jijini Chicago kipimo hicho kikageuka silaha. Katika miaka ya Meya Richard J. Daley, aliyetawala kuanzia 1955 hadi kifo chake 1976, mtandao wa chama cha Democratic ulikuwa na mawakili waliobobea katika kuzikagua fomu za wagombea huru na kuzitoa kasoro.

Obama aliukuta utamaduni huo ukiwa umekomaa. Alice Palmer, seneta aliyekishikilia kiti hicho, alipoamua kugombea Bunge la Marekani mwaka 1995, alimwunga mkono kijana huyo, wakili wa haki za raia aliyekuwa ameongoza kampeni ya kuandikisha wapigakura mwaka 1992, amrithi. Novemba Palmer alishindwa na Jesse Jackson Jr., na wafuasi wake wakamtaka Obama ampishe arudi kwenye kiti chake. Obama alikataa. Palmer akakusanya saini kwa haraka na kuwasilisha 1,580 mwezi Desemba, zaidi ya mara mbili ya 757 zilizohitajika. Kambi ya Obama ilizikagua moja baada ya nyingine na kuweka pingamizi. Majina mengi yalianguka kwa kuwa wenye saini hawakuonekana kwenye daftari la wapigakura la wilaya hiyo, au walikuwa wameandika majina yao kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini. Palmer alijikuta amepungukiwa na saini 200 hivi, akajitoa Januari 1996. Wagombea wengine watatu waliondolewa kwa njia hiyohiyo. Novemba, katika wilaya ambako Republican hawakuwa na nguvu, Obama alishinda kwa zaidi ya asilimia 80.

Wapo watakaosema kwamba sheria ni sheria. Obama mwenyewe alijitetea baadaye kwamba asiyeweza kukusanya saini halali anatia shaka kama ataweza kuwawakilisha watu. Hoja hiyo ina uzito, kwani alitii masharti yaleyale aliyowabana nayo wenzake, na Palmer ndiye aliyekuwa ametangulia kumwunga mkono amrithi. Ni kweli pia kwamba bila kizuizi chochote karatasi ya kura ingejaa majina ya kubabaisha. Lakini kizuizi cha aina hiyo hupima kama mgombea ana watu nyuma yake. Mkazi wa wilaya ya 13 aliyeandika jina lake kwa herufi za kuchapa alikuwa mtu halisi mwenye utashi halisi, na kosa la mkono wake halikupunguza uungaji mkono wake. Wengine watasema matokeo yalikuwa mema kwa kuwa jimbo lilipata mtunga sheria hodari. Hilo tunalijua leo. Wapigakura wa 1996 hawakupewa nafasi ya kulipima. Mwaka 2000 Obama alipomkabili mbunge aliyekuwa madarakani, Bobby Rush, akiwania Bunge la Marekani, majina yote mawili yalikuwa kwenye karatasi, na Rush akapata takriban kura mbili kwa kila moja ya Obama. Kumshinda aliye madarakani mbele ya wapigakura ni kazi tofauti kabisa na kumshinda mbele ya tume ya uchaguzi.

Msomaji wa Tanzania analijua jambo hili kwa jina la kupita bila kupingwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa madai ya kukosea fomu, vyama kadhaa vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Chicago pingamizi liliwekwa na mshindani; Tanzania, wasimamizi wa uchaguzi ndio waliolalamikiwa. Hata hivyo mpigakura wa pande zote mbili alipoteza kitu kilekile. Dawa haihitaji kufuta masharti. Mgombea aelezwe kasoro mapema na apewe siku za kuirekebisha, na aenguliwe tu pale inapothibitika kwamba ameghushi au hana watu. Kasoro ya kalamu isitoshe kumnyima mwananchi haki ya kuchagua.