Usanifu wa Kalamu na Usanifu wa Ulimi: Matamshi ya Kiswahili katika Nchi ya Kigoma

Wasomi wengi hudhani kwamba Kiswahili Sanifu kina matamshi yake maalumu, na kwamba matamshi hayo yaliamuliwa na wataalamu kama ilivyoamuliwa tahajia. Yafaa tuitazame historia tuone kama dhana hiyo ina msingi, maana katika Mkoa wa Kigoma jambo hili haliwahusu wanazuoni peke yao.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta huko Waarabu na Waswahili wa pwani waliowatangulia kwa biashara. Lugha ilifika ziwani pamoja na misafara ya pembe na watumwa, ikapokewa na Waha, na Wamanyema waliokuja kutoka ng'ambo. Kisha ikavuka maji, ikaenea Kongo, ambako iliitwa Kingwana. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kaa huko zaidi ya nusu karne.

Usanifishaji ulikuja baadaye. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi, na Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, kikaachwa. Mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo mwanzoni haikuwa na wajumbe Waafrika. Kazi yake ilikuwa kusawazisha tahajia, sarufi na msamiati wa vitabu, hasa vya shule. Basi usanifu huo ulikuwa wa kalamu. Wala kalamu yenyewe haikuzichukua sauti zote: mtu wa pwani hulitamka neno "paa", yaani mnyama, kwa pumzi, na "paa" la nyumba bila pumzi, lakini tahajia yetu haionyeshi tofauti hiyo. Watu wengi wa bara hawaitamki kabisa, na hakuna awaitaye wageni kwa sababu hiyo.

Uingereza mambo yalikwenda njia nyingine. Daniel Jones, katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917, alichukua kwa kielelezo usemi wa jamaa za kusini ambazo wanaume wao walisoma katika shule kubwa za bweni. Mwaka 1926 BBC ikaunda kamati ya kuwashauri watangazaji wake juu ya matamshi. Hivyo lafudhi ya tabaka moja ikapewa heshima ya kuwa kipimo, na mtu wa Yorkshire akajulikana asili yake kabla hajamaliza sentensi. Sisi hatukuandikiwa kipimo cha namna hiyo, lakini tumekitia wenyewe mahali pasipokuwa nacho.

Tumsikilize msemaji wa Simbo, karibu na Ujiji. Lugha yake ya kwanza, Kiha, hupambanua maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kama zifanyavyo Kirundi na Kinyarwanda. Kiswahili kimeiacha tabia hiyo, nacho huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tena "dhambi" kinywani mwake yaweza kuwa "zambi", kama ilivyo kwa watu wengi wa bara. Sarufi yake yaweza kuwa safi kabisa, na bado mlio wa Kiha ukasikika. Mlio huo unafanana na wa Mrundi kwa kuwa lugha zao ni ndugu, na mpaka wa wakoloni ulipita katikati ya ndugu hao.

Hapo ndipo penye madhara. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoanza kuingia kwa wingi mwaka 1972, wakazi wa Kigoma wamelalamika mara nyingi kwamba lafudhi yao huwafanya washukiwe kuwa si raia. Lakini Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 huangalia kuzaliwa, wazazi na tajnisi. Na hata mgeni aombaye tajnisi hutakiwa ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, si kuzungumza kama Mwunguja.

Mwalimu ana haki ya kusahihisha tahajia ya mwanafunzi, na kumfundisha sauti ya "dh" pia, kwa kuwa inapambanua maneno. Bali akimcheka kwa mlio wa kwao, amedai jambo ambalo wajumbe wa mwaka 1928 hawakulidai. Na watoto wengine darasani watakuwa wamejifunza kwake namna ya kumshuku jirani.