Joto la Usiku Mijini

Luke Howard wa London, aliyezaliwa mwaka 1772, alikuwa mtengenezaji wa dawa kwa kazi na mtazamaji wa mbingu kwa mapenzi. Majina ya Kilatini ya mawingu, yatumiwayo na wataalamu hata leo, msingi wake ni yeye, na kwa hayo hukumbukwa. Kitabu chake juu ya tabia ya hewa ya London, kilichotoka mwaka 1818 na 1820 katika majuzuu mawili, husahauliwa. Nami naona ndicho chenye faida zaidi kwa wakaao mijini.

Kwa miaka mingi aliandika vipimo vya joto katika viunga vya mji, akavilinganisha na vile vya katikati yake. Wastani wa viungani ulikuwa digrii 48.5 za Fahrenheit, na wa mjini 50.5. Mtu asiye na subira angaliishia hapo. Howard alitenga usiku na mchana, ndipo ilipodhihiri kuwa mchana mji ulikuwa baridi kidogo kuliko viunga, lakini usiku uliwashinda kwa digrii 3.7.

Sababu alizotaja ni moto wa majiko na viwanda, wingi wa watu, na kuta zitazamanazo, ambazo hurudishiana joto na kuzuia upepo. Elimu ya baadaye haikuzibatilisha. Jiwe, tofali na lami hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitoa polepole baada ya magharibi. Shambani ardhi hulipeleka upesi kwenye mbingu zilizo wazi; tena majani na udongo wenye maji hutumia joto jingi katika kuyageuza maji kuwa mvuke. Mjini maji ya mvua hukimbizwa katika mifereji, na kazi hiyo hukosa mwenye kuifanya.

Kwa London ile ya baridi, joto hilo lilikaribia kuwa neema. Kwingineko limekuwa mauti. Julai 1995 joto kali liliushika mji wa Chicago, Marekani, wakafa watu zaidi ya 700 kwa siku chache. Wengi walikuwa wazee waliokaa peke yao, na baadhi yao walifunga madirisha kwa kuogopa wezi. Mwili uliochoshwa na mchana haukupata pumziko usiku.

Joto liliporudi mwaka 1999, watumishi wa mji waliwapigia wazee simu na kuwabishia milango. Waliokufa wakawa wachache sana kuliko wa kwanza. Mwaka 2000 ilianza kazi ya kupanda bustani juu ya paa la jumba la baraza la mji. Bustani, mapaa meupe na miti ya kivuli ni mambo mema yenye kustahili fedha, ila mti hutaka miaka, na mzee wa ghorofani hana miaka ya kungoja. Kiyoyozi humwokoa aliye nacho, lakini hupoza chumba kwa kulitupa joto njiani, likamwingilia jirani asiyeweza kununua chake.